Ziwa Lisilo na Vifaranga: Kisa cha Majivu ya Makaa ya Mawe Belews

Samaki wakubwa walikuwepo. Hilo ndilo linalokifanya kisa cha Ziwa Belews kuwa kigumu kukisoma hadi leo. Katikati ya miaka ya 1970, ziwa hili la North Carolina, Marekani, lilikuwa na samaki waliokomaa ambao ukiwatazama kwa nje ungesema ni wazima. Kilichokosekana ni vifaranga. Msimu wa kutaga ulikuja ukapita, mwaka ukafuata mwingine, na kizazi kipya hakikuonekana. Hakukuwa na siku moja ya maafa ambayo watu wangeikumbuka kwa samaki kuelea matumbo juu. Wazee walizeeka, wakafa au wakavuliwa, na hakukuwa na wa kuchukua nafasi zao. Kufikia 1978 aina 16 kati ya 20 za samaki wa ziwa lile zilikuwa zimekwisha kabisa, pamoja na wote wanaopendwa na wavuvi. Aina mbili zilibaki na wazee wasiozaa. Moja ilitoweka, baadaye ikarudi kwa kiasi kidogo. Aina moja tu haikuguswa: gambusia, yule samaki mdogo anayekula viluwiluwi vya mbu.

Ziwa lenyewe lilitengenezwa na binadamu. Kampuni ya umeme ya Duke Power ilizuia kijito cha Belews mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 ili kupata maji ya kupozea mtambo wake mpya wa makaa ya mawe, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 2,200. Bwawa lililopatikana lina ukubwa wa takriban hekta 1,560. Mtambo ulianza kazi 1974, na mwaka huo huo ndipo maji yenye sumu yalipoanza kuingia ziwani. Kuanzia hapo nataka twende polepole, kwa sababu kila hatua ya mpango ule ilikuwa na mantiki yake, na ziwa likafa hivyo hivyo.

Makaa ya mawe yakiungua, yanabakiza majivu ya aina mbili. Yaliyo mazito huanguka chini ya tanuri. Yaliyo laini kama unga hupanda na moshi, na zamani yalitoka bombani yakaangukia mapaa na mashamba ya jirani. Mitambo ya kisasa ikawekewa vinasio vya umeme vinavyoyakamata kabla hayajatoka. Hilo lilikuwa jambo jema kwa mapafu ya watu. Lakini unga uliokamatwa unahitaji mahali pa kwenda, na njia rahisi wakati huo ilikuwa kuukoroga na maji uwe kama uji, kuusukuma kwa mabomba hadi kwenye bwawa la kutuamishia, na kuyaacha majivu yazame. Belews walichota maji ziwani, wakayakoroga na majivu, wakayapeleka kwenye bwawa la majivu, kisha maji yaliyochujuka juu yakarudi ziwani kwa mfereji. Mzunguko huo uliendelea hadi 1985.

Mtu aliyechota maji ya mto wakati wa masika anajua kazi ya kutuamisha. Ndoo ikilala usiku kucha, tope linakaa chini na asubuhi unapata maji ya kufulia. Tia chumvi kwenye ndoo hiyo hiyo, halafu uisubiri izame. Utasubiri hata mwaka. Bwawa la majivu lilifanya vizuri kile lililojengewa: liliondoa kinachoonekana. Kilichokwisha kuyeyuka kilipita tu, mchana na usiku, ndani ya maji yaliyokuwa maangavu.

Kilichoyeyuka, kwa upande wa Belews, ni seleni. Ni elementi inayofanana sana na salfa, na mwili wa mnyama unaihitaji kwa kiasi kidogo mno. Makaa ya mawe huwa nayo, pamoja na aseniki, boroni, zebaki, kadimiamu, kromiamu, risasi na nyinginezo, kila shimo la mgodi kwa kiwango chake. Ndani ya tanuri, seleni na aseniki hugeuka mvuke. Moshi unapopoa njiani, mvuke huo hutona juu ya chembechembe za majivu laini, kama mvuke wa wali unavyotona chini ya mfuniko. Sumu inakuwa imekaa juu ya ngozi ya chembe, haikufungiwa ndani ya chembe yenyewe. Na kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo ngozi yake inavyokuwa kubwa ukilinganisha na uzito wake. Kwa hiyo majivu yaliyokamatwa kwa juhudi kubwa ili yasiingie hewani ndiyo hasa yaliyobeba kile kinachooshwa kwa urahisi na maji.

Hapa kuna jambo linalowatatiza hata watu waliosoma kemia. Tumezoea kufikiri kwamba asidi ndiyo inayotoa sumu kwenye taka, na kwa metali kama kadimiamu na zinki ni kweli. Seleni, aseniki, boroni na molibdenamu zina tabia nyingine. Ndani ya maji zinashikana na oksijeni na kubeba chaji hasi, na mara nyingi zinaachia vizuri zaidi pale maji yanapoelekea kuwa kama maji ya chokaa, yaani upande wa alkali. Majivu mengi ya makaa ya mawe yana chokaa ndani yake. Kipimo cha maabara kilichotumika Marekani kwa miaka mingi kuamua kama taka ni ya hatari kilibuniwa kuiga jaa la takataka za nyumbani, na kinatumia asidi kama ile ya siki. Majivu yakipimwa kwa siki yanaweza kufaulu, kisha yakalala kwenye maji ya alkali na kuachia seleni kila siku. Baadaye shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, lilitoa vipimo vipya vinavyoangalia majivu katika viwango mbalimbali vya asidi na alkali. Kwa maoni yangu, ripoti yoyote ya majivu inayotaja kipimo kimoja tu cha asidi haijajibu swali.

Maji yaliyotoka kwenye bwawa la majivu la Belews yalikuwa na seleni ya wastani wa mikrogramu 150 hadi 200 kwa lita. Yalipochanganyika na ziwa zima, kiwango kilishuka hadi kama mikrogramu 10 kwa lita. Ikumbuke namba hiyo. Mikrogramu 10 kwa lita ndiyo iliyokuwa kikomo cha seleni katika maji ya kunywa kwa sheria ya Marekani wakati huo, na baadaye kikomo hicho kilipandishwa hadi 50. Yaani mtu angeweza kujaza glasi kutoka ziwa lile, akapima seleni peke yake, na kuambiwa yanakaribia kikomo cha maji ya kunywa. Ndani ya maji hayo hayo samaki walikuwa wanakosa watoto.

Walikosaje? Maelezo yanaanza na viumbe visivyoonekana kwa macho. Mwani na vijidudu vya majini hunyonya seleni na kuirundika mwilini mara mamia kuliko ilivyo kwenye maji, hasa ile ya umbo la seleniti linalotoka kwa wingi kwenye majivu laini. Wadudu wa majini na konokono wanakula mwani, samaki wadogo wanakula wadudu, wakubwa wanakula wadogo. Mpaka kufika kwa samaki mkubwa, mrundikano umefika maelfu. Samaki hakuipata sumu yake kwa kunywa, aliipata kwenye chakula. Na sehemu kubwa ya chakula hicho ilitoka kwenye tope la chini ya ziwa, ambako seleni ilikuwa inatulia mwaka hadi mwaka.

Kwa sababu seleni inafanana na salfa, mwili unaipokea bila kuikagua. Inaingia mahali pa salfa katika asidi amino ya methionini, moja ya matofali yanayojenga protini, na methionini hiyo bandia inajengwa ndani ya protini kama nyingine yoyote. Jike anapotengeneza mayai, protini hizo zinawekwa kwenye kiini. Mama anaweza kuishi na mzigo huo. Yai linapoanguliwa, kifaranga kinaanza maisha kwa kula kiini kile, na hapo ndipo madhara yanapoanza, mwili ukiwa bado unajengwa. Watafiti walioandika juu ya Belews, A. Dennis Lemly akiwa maarufu zaidi kati yao, walieleza vifaranga vyenye uti wa mgongo uliopinda, vichwa na midomo iliyoharibika, mapezi yaliyokosekana au kupotoka. Wengi wa namna hiyo hawafiki mbali: hawaogelei sawasawa, hawakamati chakula, wanaliwa. Ndiyo maana wavu haukuwaona.

Wakubwa nao, ukiwapasua, hawakuwa wazima kama walivyoonekana. Matamvua yalikuwa yamevimba mishipa, hivyo hawakupumua vizuri. Damu ilikuwa pungufu. Macho ya baadhi yalitoka nje na mengine yalikuwa na mtoto wa jicho. Ini, figo, moyo na mifuko ya mayai vilikuwa na uharibifu unaoonekana kwa hadubini.

Kulikuwa na washukiwa wengine. Mtambo wa umeme humwaga maji ya moto, na joto linaweza kuvuruga uzazi wa samaki. Majivu yana metali nyingi, kwa nini ilaumiwe seleni peke yake? Ushahidi uliotenganisha haya ulitoka ndani ya ziwa lenyewe. Mkono wa juu wa ziwa, ambako maji ya majivu hayakufika kwa wingi, ulikuwa na seleni kidogo na samaki wake hawakuharibika kwa kiasi kile. Kisha Texas, kwenye ziwa la mtambo la Martin Creek, maji ya bwawa la majivu yalifunguliwa kwa miezi kadhaa kati ya 1978 na 1979 na samaki wakafa, seleni ikiwa juu mwilini mwao. Na hapo hapo North Carolina, ziwa la Hyco, linalopoza mtambo wa Roxboro, likaanza kuonyesha dalili za jamii ile ile. Maziwa matatu, mitambo mitatu, kitu kimoja kinachojirudia.

Kisa hiki kikabadilisha sheria, ingawa polepole kuliko nilivyotamani. Mwaka 1987 EPA ilishusha kikomo cha seleni kwa ajili ya viumbe wa maji yasiyo ya chumvi hadi mikrogramu 5 kwa lita, na hesabu yake ilitegemea yaliyoonekana Belews. Hatua kubwa zaidi ilikuja 2016. Safari hii kikomo cha kwanza kikawekwa ndani ya yai la samaki: miligramu 15.1 kwa kilo ya mayai yaliyokaushwa. Kiwango cha kwenye maji ya ziwa kikawa mikrogramu 1.5 kwa lita, na kinatumika pale ambapo hakuna vipimo vya samaki. Kutoka 1974 hadi 2016 ni miaka 42. Imechukua muda wote huo sheria kukubali kwamba kwa seleni, ukitaka kujua hali ya ziwa, muulize samaki jike.

Mwaka 1985 kampuni iliacha kumwaga maji ya majivu ziwani. Majivu laini yakaanza kushughulikiwa makavu na kupelekwa dampo. Samaki walirudi, na ni haki kulisema hilo kwa sauti: ziwa lilianza kupona. Lakini lilipopimwa tena 1996, zaidi ya miaka 10 baadaye, picha ilikuwa na pande mbili. Maji yalikuwa chini ya mikrogramu 1 kwa lita, safi kwa kipimo chochote. Tope la chini lilikuwa limepungukiwa na sehemu kubwa ya seleni yake, ila bado lilikuwa nayo ya kutosha kuingia kwa wadudu na kutoka kwa wadudu kwenda kwa samaki. Vifaranga vyenye kasoro bado vilipatikana. Bomba lilikuwa limefungwa, ila tope lilikuwa na akiba yake.

Na bwawa la majivu halikuondoka. Lilibaki pale na tani kama milioni 12 za majivu, bila kitandiko chini yake, na maji yake yaliyozidi yakaelekezwa Mto Dan badala ya ziwani. Siamini kwamba hilo lilistahili kuitwa ufumbuzi. Mto una maji mengi yanayosogea, na seleni haijirundiki humo kama kwenye ziwa lililotulia, hiyo ni kweli. Lakini mto una watu chini yake. Mtambo ulipowekewa mashine za kuosha salfa kwenye moshi, mwaka 2008, hewa ikawa bora, na maji ya kuoshea yakabeba bromidi kwenda Mto Dan. Bromidi yenyewe si ya kutisha. Miji ya Madison na Eden, inayochota maji mtoni hapo chini, huyatibu kwa klorini, na klorini ikikutana na bromidi na mabaki ya mimea hutengeneza trihalomethani, kemikali ambazo watu wakizinywa kwa miaka mingi zinahusishwa na saratani ya kibofu. Wahudumu wa maji wa miji hiyo waliona namba zikipanda kwenye mabomba yao wenyewe kabla ya kujua zinatoka wapi.

Kisha Februari 2, 2014, mto huo huo ukapata pigo ambalo kila mtu aliliona. Karibu na Eden, kwenye mtambo mwingine uliokwisha kufungwa wa Duke Energy, jina jipya la Duke Power, bomba la maji ya mvua lililopita chini ya bwawa la majivu lilipasuka. Hadi tani 39,000 za majivu na galoni milioni 27 za maji yake zilimwagika. Mto ukawa wa kijivu kwa makumi ya kilomita. Mwaka huo bunge la jimbo likapitisha sheria ya majivu, na 2015 kampuni tanzu za Duke zikakiri makosa tisa ya jinai chini ya sheria ya maji safi na kukubali kulipa dola milioni 102. Najiuliza kama sheria ile ingepatikana bila rangi ya kijivu. Belews ilikuwa imeua karibu aina zote za samaki wa ziwa zima, miaka 36 nyuma, kwa maji maangavu, na bwawa lake liliendelea kutumika.

Wakazi wanaoishi kando ya mabwawa ya majivu jimboni humo walipata mwaka 2015 barua za idara za serikali zikiwaambia wasinywe maji ya visima vyao, kwa sababu ya kromiamu ya aina hatari na vanadiamu. Mwaka uliofuata barua zikafutwa. Fikiria mama wa nyumbani mwenye barua mbili mezani, moja ikisema usinywe, nyingine ikisema kunywa. Hapa sayansi ilihitaji uaminifu wa kusema mambo mawili kwa pamoja, na kundi la mtafiti Avner Vengosh wa Chuo Kikuu cha Duke (si kampuni ile ya umeme) lilijitahidi kufanya hivyo. Utafiti wao wa 2016 ulionyesha kwamba kromiamu ile kwenye visima vingi ilitoka kwenye miamba ya asili ya eneo hilo. Mwaka huo huo, kwa kufuatilia boroni na isotopu zake (aina za elementi ile ile zinazotofautiana kwa uzito) pamoja na za strontiamu, walionyesha pia kwamba mabwawa ya majivu katika majimbo matano ya kusini mashariki yalikuwa yanavuja kuelekea maji ya juu na ya chini ya ardhi. Majivu yana saini yake ya kikemia. Boroni husafiri upesi na maji bila kushikwa na udongo, hivyo inatangulia kuonekana, na zinazosafiri polepole, kama aseniki, zinaweza kuwa nyuma yake. Kisima chenye boroni inayopanda kinastahili kuangaliwa hata kama vipimo vingine vyote ni shwari.

Msomaji wa pwani yetu atakumbuka Lamu. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi ulinyimwa njia Juni 26, 2019, pale baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilipofuta leseni yake, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mjadala mwingi ulikuwa juu ya moshi na hali ya hewa, na majivu yalitajwa pembeni. Mimi ningeyaweka mbele. Mtu akileta mpango wa namna hiyo Lamu, Ruvuma au kwingine kokote, ningemuuliza hivi: majivu yatalala juu ya nini? Maji yatakayopita ndani yake yatatokea wapi? Na nani amepima mayai ya samaki wa hapo kabla ya tani ya kwanza kuungua? Bila kipimo hicho cha mwanzo, miaka 10 baadaye mvuvi atasema samaki wamepungua, na ataambiwa ni uvuvi haramu.

Belews kwenyewe, Aprili 2019 idara ya mazingira ya North Carolina iliamuru majivu yachimbuliwe. Kampuni ilipinga, kisha Januari 2020 ukatangazwa mkataba wa kuchimbua karibu tani milioni 80 kwenye mitambo sita, Belews ikiwa mojawapo, na kuyahamishia kwenye madampo yenye kitandiko chini na mfuniko juu. Ni kazi ya miaka mingi, malori na mashine za kukausha, na maji yatakayotoka kwenye uji ule yanatibiwa kwanza kabla ya kumwagwa. Mkataba unahusu majivu yaliyomo kwenye bwawa. Seleni iliyotangulia ziwani kati ya 1974 na 1985 imo kwenye tope, na kila mwaka mchanga mpya unaifunika kidogo zaidi.